Mgodi wa makaa ya mawe na kisima cha jirani: nani anaweza kujua kabla?

Kila kiangazi kinapokaza hapa Lubumbashi, ndoo inapoanza kugonga tope badala ya maji, mazungumzo kisimani huwa yaleyale: migodi imetunywea maji. Na kila umeme unapokatika kwa siku kadhaa, huzuka mtu wa kukumbusha kwamba nchi hii ya Kongo ina makaa ya mawe kule Luena, kwenye njia ya reli ya kwenda Kamina, na kule Kalemie karibu na mto Lukuga, na kwamba tungeyachimba tusingekaa gizani. Mazungumzo hayo mawili yanapokutana, ndipo linapotokea swali ninalotaka kulifungua hapa: makaa yakichimbwa chini ya ardhi, maji ya visima vya jirani yatakuwaje, na je, kuna mtu anayeweza kulijua hilo kabla shoka la kwanza halijagonga mwamba?

Niliwahi kuketi katika mkutano wa wanakijiji ambapo mtaalamu alitundika ukutani ramani yenye rangi, nyekundu katikati na buluu pembeni, akaeleza kwamba baada ya miaka ishirini maji yatashuka mita nne hapa na mita moja pale. Mzee mmoja aliinua mkono akauliza kwa upole, «Papa, wewe umewahi kuishi huko chini?» Watu wakacheka. Nusu ya waliokuwepo waliondoka wakiamini ramani ile kama maandiko matakatifu, nusu nyingine wakiiona kuwa uganga wa kompyuta. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikosea, na swali la mzee lilikuwa bora kuliko majibu yote aliyopewa siku ile.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Kwetu Lubumbashi mtu akisema «makala» anamaanisha yale meusi tunayotia kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, yanayotokana na miti iliyochomwa juzi au jana. Makaa ya mawe ni kitu kingine. Hayo ni mabaki ya mimea iliyozikwa kinamasini, ikafunikwa na mchanga na udongo, ikagandamizwa kwa zaidi ya miaka milioni 250 mpaka ikawa mwamba mweusi uliolala kwa tabaka, kama siagi kati ya vipande vya mkate. Tabaka hilo huweza kuwa na unene wa mita moja au mita tatu, na kusambaa chini ya ardhi kwa kilomita nyingi. Umbo hilo la utandu mwembamba na mpana ndilo linalofanya athari zake kwa maji zitofautiane na zile za mgodi wa shaba, ambao mara nyingi hufuata mwamba uliosimama au ulioinama kuelekea kilindini.

Neno la pili ni maji ya ardhini. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba chini kuna ziwa au mto, na kwamba kuchimba kisima ni kubahatisha mahali mto huo unapopita. Katika sehemu za Katanga ya Juu hadithi hiyo ina chembe ya ukweli, kwa sababu mwamba wa dolomiti, jamii ya chokaa, huyeyushwa polepole na maji ya mvua na kuacha mapango na mifereji. Lakini mahali pengi maji hayako kwenye pango lolote. Chukua karai, lijaze mchanga, kisha mimina maji mpaka nusu. Ukitazama juu huoni maji, lakini ukichimba kwa kidole utayafikia. Hivyo ndivyo yalivyo: yamejificha katika matundu madogo kati ya chembe, au katika nyufa za mwamba. Mwamba au mchanga unaoshika maji na kuyaachia kwa wingi wa kutosha kisima tutauita tabaka la maji, na kimo ambacho kidole chako kiliyakuta tutakiita usawa wa maji.

Sasa kuna jambo linaloonekana dogo lakini ndilo kiini cha kila kitu. Kushika maji si sawa na kuyaachia. Udongo wa mfinyanzi hushika maji mengi sana, lakini jaribu kuyatoa: yanavuja kwa shida, kama mtu bahili. Mwamba uliopasuka hushika kidogo tu, lakini kile kidogo hukimbia upesi. Uwezo huo wa kupitisha maji huitwa upenyevu. Mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeupatia mji wa Dijon maji safi, alipitisha maji katika bomba lililojazwa mchanga, na mwaka 1856 akachapisha alichokiona: kwa bomba la upana uleule, kiasi cha maji kinachopita hutegemea mteremko wa maji kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na upenyevu wa kile kilichojazwa ndani. Kanuni hiyo fupi ndiyo inayoendesha hata programu za kompyuta za leo.

Ugumu uko kwenye upenyevu wenyewe. Uzito wa mawe haubadiliki sana kutoka jiwe hadi jiwe, lakini upenyevu wa changarawe safi unaweza kuzidi ule wa mfinyanzi mara bilioni na zaidi, na hata ndani ya mwamba mmoja visima viwili vya majaribio vilivyo umbali wa kutupa jiwe vinaweza kutoa vipimo vinavyotofautiana mara kumi. Anayetabiri maji ya ardhini anafanya hesabu ambayo namba yake muhimu kuliko zote ndiyo isiyoshikika kuliko zote. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akashangaa baadaye.

Mgodi unapoingia chini ya usawa wa maji, hugeuka kuwa mfereji. Watoto wanaocheza kando ya mto Kafubu wanalijua jambo hili bila kufundishwa: ukichimba shimo kwenye mchanga mbichi kando ya mto, maji huingia shimoni, ukiyachota kwa kopo bila kuchoka, mchanga wa kuzunguka shimo hukauka kwanza, kisha ukavu huo husogea nje polepole. Usawa wa maji hupata umbo la faneli, ambayo sehemu yake ya chini kabisa iko mgodini na kingo zake ziko mbali. Kisima kilichomo ndani ya faneli hushuka, sana kikiwa karibu na kidogo kikiwa mbali.

Faneli hiyo haisambai kama gari linavyokwenda barabarani. Katika tabaka la maji la aina moja, umbali ukiongezeka mara mbili, muda wa athari kufika huongezeka mara nne. Kama kisima kilicho mita 500 kutoka mgodini kiliguswa baada ya mwaka mmoja, kile cha kilomita moja kitaguswa baada ya miaka minne hivi, na kile cha kilomita mbili baada ya miaka kumi na sita. Hapo ndipo pande zote hupoteana. Mwenye mgodi anasema kwa moyo mweupe, «tumechimba miaka mitano na hakuna aliyelalamika,» huku faneli ikiwa njiani. Na mwanakijiji ambaye maji yake yanashuka mwaka wa kumi na tano hafikirii tena mgodi ule aliouzoea. Anaulaumu ukame, au anaulaumu mgodi mpya uliofunguliwa jana.

Swali jingine ambalo watu huliacha ni hili: maji yanayopampuliwa mgodini yanatoka wapi? Mwanahaidrolojia Mmarekani Charles Theis alilijibu mwaka 1940 kwa namna ambayo mweka hesabu yeyote angeikubali. Maji yaliyotolewa lazima yakatwe mahali. Mwanzoni hukatwa kwenye akiba, yaani usawa wa maji hushuka. Baadaye, faneli ikishafika kwenye chemchemi na mito, hukatwa kwenye yale yaliyokuwa yakitokea huko, au mto wenyewe huanza kuingiza maji ardhini. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba mgodi umetulia kwa sababu visima havishuki tena, huenda anakitazama kisima wakati deni limeshahamia kijitoni. Mto unaopungua kiangazi haupigi kelele kama kisima kilichokauka.

Mpaka hapa nimeeleza mgodi wowote. Makaa ya mawe huongeza jambo lake, nalo ni dari.

Kuna njia mbili kubwa za kuyachimba chini ya ardhi. Ya kwanza ni ya vyumba na nguzo: wachimbaji hukata vyumba na kuacha sehemu ya makaa yenyewe ishikilie dari. Dari ikisimama, mwamba wa juu haupasuki sana, na athari hubaki zaidi ile ya mfereji. Ya pili ni ya ukuta mrefu. Hapo mashine hukata uso wa makaa wenye upana wa mita mia mbili au tatu, zaidi au pungufu, huku vyuma vya haidroliki vikishika dari juu ya wafanyakazi. Mashine ikisogea mbele, vyuma navyo husogea, na dari ya nyuma huachwa ianguke. Hiyo si ajali. Imepangwa ianguke.

Je, inaanguka mpaka wapi? Hapa kuna kipimo ambacho kila aliyewahi kuchimba choo nyumbani anakifahamu. Ukichimba shimo halafu ukarudisha udongo uleule, hautoshei, kilima kidogo hubaki juu. Kifusi huchukua nafasi kubwa kuliko udongo ulioshikamana. Mwamba nao ni hivyo. Tuseme ukivunjika hujaa kwa robo zaidi, na tabaka la makaa lililoondolewa lilikuwa na unene wa mita 2. Dari ikianguka mita 8, kifusi chake kitahitaji nafasi ya mita 10, yaani zile 8 zilizoanguka pamoja na 2 zilizokuwa tupu. Nafasi imejaa, na kuanguka kunakoma kwenyewe.

Lakini kukoma kuanguka si kukoma kupasuka. Juu ya kifusi mwamba huinama, tabaka zake huachana kama kurasa za daftari lililokunjwa, na nyufa za wima hufunguka. Eneo hilo la nyufa huweza kupanda, kwa kadiri ya vipimo vya nchi mbalimbali, kati ya mara 20 na mara 60 za unene wa makaa yaliyotolewa. Kwa makaa yetu ya mita 2, hiyo ni mita 40 hadi 120. Mwamba mgumu usiopinda hupasuka juu zaidi, mwamba laini wa udongo hujikunja na wakati mwingine huziba nyufa zake. Juu ya eneo hilo mwamba hulegea na kushuka kwa pamoja bila kupasuka sana, na juu kabisa ardhi hutitia, pengine kwa zaidi ya mita moja, hata ukuta wa nyumba ukaandika ufa wake.

Basi swali kuu la mtabiri linakuwa jepesi kulitamka: je, nyufa zitafika kwenye tabaka la maji linalolisha visima? Kama makaa yako mita 300 chini, visima vina kina cha mita 30, na katikati kuna mwamba mnene wa udongo, jibu la busara ni kwamba maji ya visima hayatashuka mgodini. Kama makaa yako mita 60 chini na juu yake ni mawe ya mchanga yaliyopasuka, hakuna haja ya kompyuta. Kazi ngumu ni ile ya katikati, na migodi mingi iko hapo katikati.

Tena kuna hali inayowachanganya hata wahandisi. Kisima cha kina kifupi kinaweza kushuka ghafla mashine inapopita chini yake, ingawa hakuna tone lililokwenda mgodini. Mwamba ulipolegea, nyufa mpya zilifunguka na maji yalishuka kuzijaza, kama chai inavyopungua kikombeni ukichovya mkate. Baada ya miezi au miaka mvua huzijaza nyufa hizo na kisima hurudi, chote au nusu. Chemchemi ya mlimani nayo huweza kuhama, ikakauka juu na kutokea bondeni, ndiyo maana visima vya vilimani huumia kuliko vya mabondeni. Kwa takwimu za bonde zima hakuna maji yaliyopotea. Kwa mama anayeishi juu ya kilima yamepotea kabisa.

Sasa tuirudie ramani ya rangi. Ilitengenezwaje? Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Chora kijiji, mto, mgodi. Kila mraba upe urefu wa maji na upenyevu wake, kisha andika sheria moja: maji yanayoingia katika mraba, ukitoa yanayotoka, ndiyo mabadiliko ya akiba yake. Rudia kwa kila mraba, kwa tabaka kumi zilizopandana, kwa kila mwezi wa miaka hamsini. Mkono hauwezi, kompyuta inaweza. Programu inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo, iitwayo MODFLOW, ilitolewa na Idara ya Jiolojia ya Marekani mwaka 1984, na hupatikana bure hadi leo. Kinachotoka humo huitwa modeli. Ndani yake mna jumla na kutoa, kwingi mno, na hakuna zaidi ya hapo.

Kwa kuwa upenyevu haujulikani vizuri, mtaalamu huurekebisha mpaka modeli itoe usawa wa maji unaofanana na ule uliopimwa visimani. Ukishafanana, hutangaza kwamba modeli imekubaliana na hali halisi. Hapa ndipo ninapoomba msomaji awe mkaidi kidogo.

Fikiria mama muuza unga pale sokoni. Ukipita kila jioni ukakuta kibandani mwake mna magunia matatu, hujui kama siku hiyo aliingiza kumi na kuuza kumi, au aliingiza moja na kuuza moja. Kilichobaki ni kilekile, biashara si ileile. Usawa wa maji kisimani ni yale magunia matatu. Modeli yenye mvua nyingi inayozama ardhini na upenyevu mkubwa, na modeli yenye nusu ya mvua hiyo na nusu ya upenyevu huo, zinaweza kutoa usawa uleule kabisa katika visima vyote. Zote mbili zitasifiwa. Lakini mgodi ukifunguliwa, ya kwanza itaonyesha maji yanayoingia mgodini mara mbili ya ya pili. Anayetaka kujua ipi ni kweli lazima apime kitu kinachotiririka: maji ya kijito mwishoni mwa kiangazi, wakati hakuna mvua na kila tone linatoka ardhini, au pampu kubwa iliyowashwa siku kadhaa huku visima vya jirani vikitazamwa. Nikipewa ripoti ya kurasa mia tatu, naanza kutafuta ukurasa ambao mto umepimwa mwezi wa tisa au wa kumi. Usipokuwepo, ramani za rangi zinaweza kusubiri.

Mtabiri mwaminifu hatoi namba moja. Huendesha modeli mara nyingi kwa upenyevu mbalimbali unaowezekana, kisha husema: kisima hiki kitashuka kati ya nusu mita na mita sita. Watu hulichukia jibu hilo, wanaliona kuwa kukwepa, ingawa ndilo la kweli. Anayesema «mita nne» bila kusita ndiye wa kuogopwa.

Lipo pia lile ambalo hakuna modeli inayoweza kulibashiri kama halikuandikwa. Julai 2002, katika mgodi wa makaa wa Quecreek, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, wachimbaji walitoboa kwa bahati mbaya ukuta wa mgodi wa zamani uliojaa maji. Ramani waliyokuwa nayo haikuonyesha kwamba mgodi ule wa zamani ulikuwa umefika karibu hivyo. Watu tisa walinaswa chini kwa zaidi ya saa sabini na saba kabla ya kuokolewa wote wakiwa hai. Mahali penye uchimbaji wa tangu ukoloni, kama Luena, karatasi za zamani zilizokaa kabatini zina thamani kuliko kompyuta mpya.

Niyagusie sasa machache yanayosemwa sana. Kwamba kisima kikikauka Oktoba basi ni mgodi: siyo lazima. Mvua zetu, zinazokaribia milimita 1,200 kwa mwaka, hunyesha karibu zote kati ya Novemba na Aprili, na usawa wa maji hushuka kila mwaka mpaka zitakaporudi. Isitoshe, parseli, yaani viwanja vyetu, zimejaa foraji, visima vya kutobolewa kwa mashine, na pampu ya jirani inayojaza matangi usiku kucha inaweza kukufanyia kile unachomlaumia mchimbaji aliye kilomita nane. Lakini kinyume chake pia kinasemwa, kwamba mgodi ulio mbali hauwezi kukugusa, na hilo tumeona si kweli. Inategemea mwamba na miaka. Njia ya kutofautisha ni kukilinganisha kisima chako na kingine cha mwamba uleule kilicho mbali na mgodi. Vikishuka pamoja na kupanda pamoja, ni mvua. Kimoja kikishuka peke yake mwaka baada ya mwaka na kisirudi masika, pana la kuuliza.

Wengine huuliza kwa nini tusitazame tu yaliyotokea katika mgodi wa shaba na zinki wa Kipushi, hapa karibu. Kipushi inafundisha, lakini lazima tujue inafundisha nini. Mgodi ule ulianza mwaka 1924, ukasimama 1993, na pampu zikaendelea kuukausha mpaka zilipoelemewa mwaka 2011, maji yakapanda hadi mita 851 chini ya uso wa ardhi. Ilichukua mpaka mwishoni mwa 2013 kuufikia tena usawa wa mita 1,150. Ng'ambo ya mpaka, Konkola nchini Zambia ni miongoni mwa migodi yenye maji mengi zaidi duniani, ikipampua mamia ya maelfu ya mita za ujazo kila siku. Kote huko mwamba wa dolomiti una sehemu kubwa katika habari hiyo. Makaa ya Luena na Kalemie yamelala katika mawe ya mchanga na ya udongo. Atakayechukua namba za Kipushi akazipeleka Luena atakuwa kama anayepima joto la mtoto mmoja ili kumtibu mwingine.

Kinachosahaulika zaidi ni siku pampu zinapozimwa. Faneli hujaa, kwa miaka au kwa makumi ya miaka, na maji yanayopanda hayako kama yalivyokuwa. Makaa ya mawe mara nyingi huwa na piriti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu ya uongo. Yakiwa chini ya maji yametulia. Mgodi ukiingiza hewa, oksijeni huyashambulia na kuacha chumvi ukutani. Maji yanaporudi huziyeyusha chumvi hizo, yakawa na asidi ya salfuriki na chuma, na yakitokea mtoni huacha matope ya rangi ya machungwa. Mwamba wenye chokaa huweza kuipoza asidi hiyo, mwamba wa mchanga mara nyingi hauna cha kuipoza. Si kila maji ya mgodi ni sumu, ila kutabiri ladha yake ni kugumu kuliko kutabiri kimo chake. Katika bonde la Ruhr nchini Ujerumani, mgodi wa mwisho wa makaa magumu ulifungwa Desemba 2018, na pampu bado zinafanya kazi kwa sababu zikizimwa maji ya mgodi yataharibu yale ya kunywa na sehemu za ardhi iliyotitia zitageuka maziwa. Wenyewe huita gharama hiyo mzigo wa milele.

Sheria inaweza kusaidia palipo na shaka. Pennsylvania, tangu 1994, mwenye mgodi wa makaa hudhaniwa kuwa ndiye aliyeharibu maji ya kisima kilicho ndani ya pembe ya nyuzi 35 inayopimwa kutoka wima kwenye ukingo wa makaa yaliyotolewa, yaani kwa makaa yaliyo mita 200 chini, kama mita 140 nje ya ukingo huo. Akikataa, yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha kinyume. Hapa kwetu kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inamwajibisha mwenye haki ya kuchimba kufidia madhara ya shughuli zake hata pasipo kosa, na tathmini ya athari kwa mazingira na jamii lazima itangulie. Hata hivyo bado utaulizwa: maji yako yalikuwa kimo gani kabla?

Swali hilo hujibiwa kwa vifaa vya bei ya soda chache. Mita ya utepe ya fundi, jiwe dogo lililofungwa mwishoni, na chaki ya shule iliyopakwa kwenye mita ya mwisho ya utepe. Unateremsha alfajiri kabla mtu hajachota, mpaka jiwe lizame. Unasoma namba iliyo kwenye mdomo wa kisima, unavuta juu, unasoma namba ambapo chaki imegeuka rangi ilipolowa, unaitoa katika ile ya kwanza. Unaandika tarehe, saa, na kipimo, siku ileile ya kila mwezi, na alama ya rangi kwenye mdomo wa kisima ili kila mara upime kutoka mahali palepale. Katika parseli yetu tulianza Machi, maji yakiwa mita 6 na sentimita 10. Agosti yalikuwa mita 8 na sentimita 95. Jirani muuza unga, ambaye mwanzoni alituuliza kama tunavua samaki, sasa anapima chake pia, na huandika upande wa nyuma wa daftari la wadeni wake.